Ramani ya Rabai na mtoto asiyeona anachosoma

Majuma machache yaliyopita nilialikwa katika shule moja ya msingi viungani mwa mji wa Malindi, shule ambayo sitaitaja jina maana haikunialika ili niiandike gazetini. Nilikaa nyuma ya darasa la Gredi ya Tano, kwenye dawati lililonibana magoti, nikasikiliza kipindi cha ufahamu. Mwalimu alikuwa ameandika kifungu kifupi ubaoni. Mvuvi mmoja alitoka alfajiri na mtumbwi wake wenye tanga. Akavua nje ya mwamba. Upepo ulipokufa akatua tanga, akashika kafi na kuelekea ufuoni, jua likimchoma usoni mpaka macho yakamtoka machozi.

Msichana mmoja aliinuliwa asome. Nasema kweli, alisoma kama mtangazaji wa redio. Hakukwama popote, hakumeza silabi, na kwenye kituo alituliza sauti kama inavyotakiwa. Wenzake wakampigia makofi ya kilo. Kisha akainuliwa mvulana, akasoma kwa kudonoa, neno moja sasa na jingine baadaye, hata nikamwonea huruma.

Mwalimu akauliza, "Mvuvi alirudi wakati gani?"

Mikono ikainuka kama msitu. Msichana akajibu, "Mvuvi alirudi alfajiri." Darasa zima likaitikia kwamba ndivyo. Neno alfajiri si lipo ubaoni? Basi jibu ni alfajiri. Ila yule mvulana wa kudonoa akatikisa kichwa. Mwalimu alipomuuliza kulikoni, akasema polepole, "Mwalimu, kwetu jua linatoka baharini. Akirudi asubuhi, jua liko mgongoni. Hili linamchoma usoni. Huyu amerudi jioni."

Baadaye niliambiwa kwamba baba yake ni mvuvi. Msichana naye alizaliwa upande wa Bamba, akaletwa Malindi kwa shangazi yake mwaka jana. Nilirudi nyumbani nikiwaza kuhusu watoto hawa wawili, na makala haya yametokana nao. Mmoja alikuwa na maneno yote lakini hakuona kitu. Mwingine alikuwa na maneno kwa taabu, ila nyuma ya maneno yale aliona bahari, mtumbwi, mtu na jua, kila kimoja mahali pake.

Walimu wa lugha wana jina la kile alichokifanya mvulana yule. Tunasema aliunda taswira akilini. Wanafunzi wa sekondari wanalijua neno hili kutoka masomo ya fasihi, ambako hujifunza kuorodhesha taswira kama mtu anayehesabu mbuzi: taswira oni, taswira sikivu, taswira mwendo, na kadhalika. Hapa nazungumzia taswira ya msomaji, ile anayojichorea mwenyewe, si ile anayotakiwa kuikamata katika shairi ili apate alama mbili.

Neno lenyewe lina asili inayotufaa. Taswira ni Kiarabu, kutoka mzizi uleule uliotupa sura, kwa maana ya uso au umbo. Lakini Kiswahili kina sura nyingine, ile ya kitabu, sura ya kwanza, sura ya pili. Kwa Kiarabu hayo ni maneno mawili mbalimbali: moja huandikwa kwa herufi swadi, jingine kwa herufi sini. Sisi Waswahili hatukuzitofautisha herufi hizo kwa ulimi wetu, basi uso wa mtu na fungu la kitabu vikaangukia katika neno moja. Ni ajali ya matamshi tu. Hata hivyo mimi huwaambia wanafunzi wangu wa ualimu kwamba mtoto aliyemaliza sura bila ya kuona sura yoyote amesoma nusu.

Sasa, kuna watu wanaodhani kuwa kumfundisha mtoto kujichorea picha ya kile anachosoma ni mtindo mpya, umekuja na mtaala wa umilisi au na wataalamu wa kigeni wenye kompyuta mapajani. Mfano mkubwa kuliko yote ninaoujua ulitokea katika kaunti hii yetu ya Kilifi, juu ya vilima vya Rabai, miaka zaidi ya 160 iliyopita. Aidha, mfano huo unaonyesha faida ya jambo hili na hatari yake pamoja, na ndiyo sababu naupenda.

Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Johannes Rebmann alimfuata mwaka 1846, na mwaka huohuo wakaanzisha kituo chao Rabai. Jakob Erhardt alikuja baadaye kidogo. Wote watatu walikuwa Wajerumani waliotumwa na Waingereza wa Church Missionary Society. Wasomaji wengi wanawajua kwa habari za kanisa na za kamusi. Kamusi kubwa ya Kiswahili ya Krapf ilichapishwa 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Mimi leo nawataja kama wasikilizaji.

Pwani ya wakati ule ilikuwa imejaa watu waliotoka bara: wapagazi, wafanyabiashara wa pembe, watumwa, watu wa misafara. Wamishenari waliwauliza habari za huko ndani. Mwaka 1854 Erhardt alikaa Tanga kwa miezi kadhaa, na huko pia akauliza. Kila aliyehojiwa alitoa habari kama msafiri anavyozitoa: tunatembea siku kadhaa, tunavuka mto, tunapanda milima, tunakuta watu wa namna hii, halafu tunafika kwenye maji. Aliyeanzia Kilwa alisema mwisho wa njia yake ni maji makubwa. Aliyeanzia pwani ya mkabala na Unguja alisema vilevile. Aliyepitia Tanga na Pangani, vilevile. Maji, maji, maji.

Erhardt na Rebmann walikaa na maneno hayo. Kisha siku moja katika mazungumzo yao, kwa maelezo yao wenyewe, jambo likawajia wote wawili kwa mpigo: kama njia zote hizi zinaishia majini, basi yale ni maji mamoja! Katikati ya Afrika kuna bahari ya ndani. Erhardt akachora. Ramani ikachapishwa Ujerumani mwaka 1855, na mwaka uliofuata ikawekwa mbele ya Chama cha Kifalme cha Jiografia huko London. Ilionyesha ziwa moja la ajabu, refu, limejipinda kutoka karibu na Ikweta mpaka kusini kabisa. Waingereza wakacheka, wakaliita ziwa hilo konokono asiye na nyumba.

Tufikiri kidogo kabla ya kuwacheka nasi. Watu wale hawakuwa wameliona ziwa hata moja. Walichokuwa nacho ni maneno, tena maneno ya watu wasiojuana, waliosema lugha mbalimbali, kila mmoja na sehemu yake ya safari. Kutokana na maneno matupu waliunganisha njia, siku za mwendo, mito na majina ya watu, wakapata picha nzima. Huo ndio ufahamu. Mtu mwingine angeyaandika maneno yale kwenye daftari, moja baada ya jingine, kisha akalifunga.

Wamekosea, naam. Maji yale hayakuwa mamoja. Wa Kilwa alikuwa akisema habari za ziwa Nyasa, wa msafara wa kati alikuwa akisema habari za Tanganyika, na kaskazini kulikuwa na Nyanza ambayo leo tunaiita Victoria. Maziwa matatu yalimiminwa katika kisahani kimoja. Tena majina yenyewe yalichangia kuwapoteza, kwa sababu nyasa na nyanza, katika lugha za huko, ni maneno ya kawaida ya maji makubwa tu. Ukimuuliza mtu jina la maji naye akakujibu "maji makubwa", halafu mwenziwe wa mbali akakujibu vivyo hivyo, utawaunganisha.

Lakini picha iliyochorwa ina sifa moja ambayo maneno yaliyokaririwa hayana: inaweza kuonekana kuwa na kosa. Konokono yule aliwakera wanajiografia wa London hata wakaamua kutuma watu wakahakikishe. Richard Burton na John Hanning Speke walifika Unguja mwishoni mwa 1856, na Januari 1857 walipanda Rabai kumwona Rebmann kabla ya safari yao. Februari 1858 walikuwa Ujiji, wanalitazama ziwa Tanganyika. Tarehe 3 Agosti mwaka huohuo Speke peke yake akaliona lile la kaskazini. Konokono akakatwa vipande. Ungeweza kusema kwamba Erhardt alishindwa. Mimi nasema kwamba kama hangechora, hakuna ambaye angejua kitu gani cha kusahihisha.

Rebmann ndiye anayenigusa zaidi kati yao. Pale pale Rabai alitunga kamusi ya lugha ya watu wa Nyasa, nchi ambayo hakuikanyaga maisha yake yote, kwa kumsikiliza mtu mmoja tu aliyetekwa utumwani kutoka huko, jina lake Salimini. Alikaa Rabai mpaka 1875, akarudi kwao akiwa kipofu, akafa mwaka uliofuata. Nimewahi kusimama kwenye makumbusho ya Rabai nikamfikiria mzee yule asiyeona, na kichwani mwake nchi nzima aliyoijenga kwa masikio.

Kuna kisa chake kingine kinachohusu jambo letu. Tarehe 11 Mei 1848, akiwa njiani kwenda Uchaga, aliona kwa mbali kilele cheupe. Alidhani ni wingu. Alipomuuliza kiongozi wake wa njia kile cheupe ni nini, yule mtu hakuwa na neno la theluji. Alijibu "baridi". Basi. Baridi! Rebmann, aliyezaliwa katika nchi ya theluji, alilisikia neno lile moja na picha yote ikamjia. Huko London mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kufika Afrika Mashariki, alipoisoma habari hiyo hakuona chochote ila upuuzi: theluji chini ya Ikweta? Aliendelea kubisha kwa miaka mingi, hata baada ya Baron von der Decken kupanda sehemu ya mlima ule mwaka 1861 na tena 1862. Rebmann alipewa neno moja tu na akaona mlima, ilhali Cooley alipewa kurasa na hakuona.

Nami nilikuwa Cooley wangu mdogo. Nilipokuwa darasa la tano, miaka ya mwanzo ya sabini, tulisoma katika kitabu cha Kiingereza hadithi ya mvulana aliyekwenda shule wakati wa theluji. Sikuwahi kuiona wala kuisikia. Mwalimu alisema ni kitu cheupe kinachoanguka kutoka juu. Aa, nikasema moyoni, hicho nakijua. Nyumbani kwetu palikuwa na msufi mkubwa, na maganda yake yakipasuka sufi ilikuwa ikipeperuka na kuanguka polepole hata ua wote ukawa mweupe. Kwa hiyo nikamwona mvulana wa Kiingereza akitembea katika sufi. Picha nzuri sana! Ila mbele kidogo hadithi ilisema viatu vyake vililowa na mama yake akavianika karibu na moto. Sufi inalowesha viatu? Nilipita pale kama gari lisilo na breki. Sikusimama, sikuuliza, na hakuna aliyeniuliza. Nilijibu maswali yote ya mwisho wa somo nikapata kumi juu ya kumi. "What happened to his shoes?" Vililowa. Neno lilikuwa pale pale kitabuni.

Sijutii kuona sufi. Mtoto hana budi kuanza na kile alicho nacho ghalani. Hata watu wazima wenye elimu kubwa hufanya hivyo. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi yetu hii alifikishwa katika kasri la mfalme wa China, na wasomi wa kule wakamwona kuwa ni qilin, mnyama wa heri aliyetajwa katika vitabu vyao vya kale. Walikuwa wameshasoma picha kabla ya kumwona mnyama. Kosa si kuanza na sufi. Kosa ni kufika kwenye viatu vilivyolowa na kuendelea na sufi yako.

Na hapo ndipo mwalimu anapohitajika. Utafiti wa kisasa unasema jambo lilelile kwa lugha yake. Mwaka 1976 Michael Pressley wa Marekani alionyesha kwamba watoto wa miaka minane waliofundishwa kujichorea picha akilini wakati wa kusoma hadithi waliikumbuka kuliko wenzao walioachwa wasome tu. Miaka kumi baadaye Linda Gambrell na mwenzake Bales walichukua wasomaji dhaifu wa darasa la nne na la tano, wakawapa vifungu vyenye sentensi zinazopingana. Wale walioelekezwa kujenga picha akilini waligundua migongano mara nyingi zaidi kuliko wale ambao hawakuelekezwa. Huo wa pili ndio ninaouthamini. Kumbukumbu ni nzuri, lakini kugutuka ni bora: kusimama na kusema, hebu, hili haliingiani na lile.

Hawe wangu, ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kigiriama, hakusoma utafiti wowote. Alipokuwa akitutolea ngano usiku, angesimama katikati na kuuliza: "Sasa sungura amekaa wapi?" Tungejibu, juu ya kichuguu. "Na fisi anatokea upande gani?" Huyu atasema huku, yule atasema kule, ugomvi uwake. Hawe angetuacha tugombane, kisha arudie maneno ya ngano taratibu, mpaka aliyekosea mwenyewe aseme, ala, kumbe fisi alikuwa mtoni. Hakuendelea mpaka sote tumekubaliana fisi yuko wapi. Nilidhani anapumzisha koo. Nilikuwa na shahada mbili kabla ya kutambua alichokuwa akifanya.

Watoto wa sehemu hii bado wanao uwezo huo. Siku ile pale shuleni niliomba ruhusa nikamuuliza yule msichana msomaji kama anaijua habari ya Mekatilili wa Menza na kuku. Nani asiyeijua Kilifi? Inasimuliwa kwamba mwaka 1913 Mekatilili alimletea ofisa Mwingereza, Arthur Champion, kuku mwenye vifaranga, akamwambia achukue kifaranga kimoja. Champion akanyosha mkono, kuku akamdonoa. Na ndivyo itakavyokuwa, akasema mama yule, mkijaribu kuchukua vijana wetu. Msichana aliisimulia kwa mikono, kwa mabega, kwa macho. Alimrukia Mzungu. Alivificha vifaranga chini ya mbawa. Nikamuuliza kuku alikuwa wa rangi gani, akajibu bila kufikiri, "Mweusi." Hakuna aliyemwambia mweusi. Alimwona.

Kwa nini basi mvuvi wa ubaoni hakumwona? Kwa sababu hadithi ya kuku aliisikia kama habari, na kifungu cha ubaoni alikisoma kama kazi. Tumewafundisha hivyo kwa muda mrefu. Shule nilizosoma na shule nilizofundisha zilikuwa za kusoma kwa kuitikia: mwalimu anasoma, darasa linarudia kwa wimbo, na aliye nyuma anaimba bila hata kitabu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 Kiswahili kilipata heshima ya kutahiniwa, jambo tulilolipigania, lakini mtihani wa ufahamu ukageuka mchezo wa kuwinda: tafuta neno la swali ndani ya kifungu, nakili sentensi iliyo nalo. Walimu tulifundisha mbinu hiyo waziwazi. Mimi niliifundisha. Ilipokuja programu ya Tusome mwaka 2015, ilileta neema ambayo sisi wa zamani hatukuijua, kila mtoto na kitabu chake mkononi, na nisingependa mtu aidharau. Hata hivyo ilikuja pia na saa: maneno mangapi kwa dakika. Kipimo hicho kina maana yake, maana mtoto anayedonoa husahau mwanzo wa sentensi kabla ya kufika mwisho. Taabu huanza pale mwalimu, mkaguzi na mzazi wanapoiamini saa peke yake. Kwa saa, yule mvulana wa mvuvi ni mwanafunzi hafifu.

Nimesema niliifundisha mbinu ya kuwinda. Katikati ya miaka ya themanini, kabla ya kurudi chuo kikuu, nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya Wilaya ya Kilifi, kama ilivyoitwa wakati ule. Nilikuwa na kijana mmoja msomaji hodari. Sauti yake ilikuwa ya kuvutia hata nikimtuma asome mbele ya wageni. Sitamtaja, bado yu hai na ana wajukuu.

Miaka kadhaa iliyopita alihitaji pesa za matibabu ya mkewe akaamua kuuza kipande cha shamba la urithi. Wenyeji wanajua ardhi ya pwani ilivyo, tangu ile sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilipotaka kila mwenye dai alete ushahidi na wengi wetu tukaachwa bila karatasi. Mashamba mengi huuzwa kwa maandishi ya kijijini, mbele ya mashahidi, na mipaka husemwa kwa miti na njia. Mapatano yaliletwa yameandikwa kwa Kiswahili safi. Kwa kuwa ndiye msomi wa nyumba, yeye mwenyewe aliyasoma kwa sauti mbele ya ukoo: kuanzia mkanju ulio kando ya barabara, kufuata njia ya miguu mpaka kisimani, kutoka kisimani mpaka mwembe mkubwa wa nyuma, na kutoka mwembeni kurudi barabarani. Ndugu wakasikia ilivyosomwa vizuri. Wakatia dole gumba.

Alikuwa ameazimia kuuza sehemu ya mbele tu. Lakini ukiunganisha mkanju, kisima, mwembe na barabara, katikati yake kuna kaburi la babake. Hakuna aliyeunganisha, wala hakuna aliyeinuka akatoka nje kutazama, ilhali vitu vyote vinne vilionekana kutoka uani walipokuwa wamekaa. Walikuja kujua wakati mnunuzi alipoleta watu wa kuchimbia nguzo za ua.

Alinijia nyumbani, si kwa kulaumu, alitaka nimsaidie kuandika barua. Tukiwa tunaandika akaniambia, "Mwalimu, maneno yote niliyajua. Ungeniuliza neno lolote pale ningekupa maana yake." Nilimwamini. Nilikuwa nimemfundisha mimi. Wazee waliingilia kati, na mnunuzi, ambaye hakuwa mtu mbaya, akakubali kuacha kinjia cha watu kupita kwenda kaburini.

Kwa hivyo mwalimu wa Gredi ya Tano aliponiuliza mwisho wa kipindi afanye nini, sikumpa nadharia. Nilimwambia awatoe watoto nje. Isitoshe, kuwaambia "fumbeni macho mwone" hakuwafai wote. Mwaka 2015 Adam Zeman na wenzake huko Uingereza waliipa jina hali ya watu ambao wakifumba macho hawaoni picha yoyote, na watu hao ni wazima, wana akili zao timamu. Mtoto wa namna hiyo anaweza kuchora, anaweza kupanga mawe, anaweza kusimama mahali pa mvuvi na kugeuka. Kinachotakiwa ni vitu viwekwe mahali pake, iwe ndani ya kichwa au juu ya mchanga. Na mchanga Malindi hatununui.

Tulitoka chini ya mwarobaini. Watoto wakajigawa vikundi, kila kikundi na kijiti chake. Kikundi cha yule msichana kilianza na mtumbwi, kikauchora vizuri, na tanga lake, na mvuvi mwenye kofia. Kisha wakataka kuweka jua. Mmoja akaliweka juu kabisa, kama linavyochorwa vitabuni. Msichana akalifuta kwa kiganja. Akakimbia dirishani, akachungulia ubaoni, akarudi. Akamzungusha mvuvi uso kwa kidole chake, upande huu, halafu upande ule. Akasimama, akatazama minazi, akatazama kivuli chake mwenyewe.

"Mwalimu," akauliza, "kwani kutoka hapa bahari iko wapi?"

Mvulana wa mvuvi akamwonyesha kwa kijiti.